Risasi ya Jeshi Mkononi mwa Raia

Ukitoka mjini Nakuru kwa barabara kuu iendayo Nairobi, kabla hujalisahau ziwa uliloliacha nyuma, utafika Lanet. Karibu na njia iko Hyrax Hill, kilima ambacho Mary Leakey alikichimbua tangu mwaka 1937 na kukuta makao ya watu wa kale, pamoja na visu na vichokoo vyao vya jiwe jeusi la volkeno ling'aalo kama kioo. Mbele kidogo iko kambi ya askari, na humo leo ndimo kilimo Chuo cha Kijeshi cha Kenya, wanamofundishwa vijana wanaotaka kuwa maofisa. Basi mahali hapa pamoja pana silaha za zamani mno na silaha za siku hizi, na kati ya hizo mbili imepita historia ambayo vitabu vingi huiruka. Ni historia ya risasi zilizotengenezwa kwa ajili ya majeshi, kisha zikaingia katika bunduki za watu wasio askari.

Huenda utaniuliza, msomaji, risasi ina historia gani? Vita vikiisha si hutupwa? La, hazitupwi. Jeshi libadilishapo bunduki, masanduku ya risasi za zamani hubaki ghalani kwa maelfu, na kitu kilichogharimu fedha hutafutiwa mnunuzi. Pengine hakinunuliwi ila huibwa, au hutekwa vitani, au huanguka nyikani na kusahauliwa. Kwa njia yoyote ipitayo, risasi hiyo hukutana na bunduki isiyojuana nayo. Hapo ndipo hatari ilipo, na ndilo jambo ninalotaka kukueleza.

Kwanza tuifahamu risasi yenyewe. Kiswahili chetu kina neno moja kwa mambo mawili: risasi ni ile madini nzito ya kijivu, na risasi ni kile kipigwacho kwa bunduki, maana zamani kilikuwa donge la madini hiyo. Risasi nzima ina sehemu nne: ganda la shaba, fataki iliyo kwenye kitako cha ganda, baruti iliyo ndani, na chuma kinachoruka mbele. Komeo la bunduki hugonga fataki, fataki huwasha baruti, nayo baruti hugeuka hewa kwa ghafula. Katika bunduki ya .303, ambayo jeshi la Waingereza na askari wa King's African Rifles waliitumia kwa miaka mingi, hewa hiyo hufikia nguvu ya karibu kilo 2,900 kwa kila sentimita moja ya mraba. Gurudumu la motakaa lililojazwa vizuri lina kilo mbili tu hivi. Nakuomba uzikumbuke hesabu hizo mbili; tutazihitaji tena tutakapofika msituni.

Nguvu hiyo haimdhuru mpigaji kwa sababu moja: chumba cha bunduki kimechongwa kwa kipimo cha ganda lile lile, na komeo limefungwa nyuma yake. Kosa dogo la kipimo, lisiloonekana kwa macho, laweza kuvunja mapatano hayo. Hata wenye jeshi wenyewe waliyajua hayo kwa gharama. Waingereza walipoipokea risasi ya .303 mwaka 1888, ilitiwa baruti nyeusi ya zamani. Miaka michache baadaye wakaibadilisha, wakatia kordaiti, baruti isiyo na moshi mwingi lakini yenye joto kali. Ganda lilikuwa lile lile, na risasi mpya iliingia katika bunduki ya zamani pasipo shida yoyote. Lakini kasiba za bunduki zile, ziitwazo Lee-Metford, zilikuwa na mikato ya ndani isiyo na kina, na joto la kordaiti likaanza kuzila. Mwaka 1895 ilibidi kukata kasiba kwa namna nyingine, na bunduki hiyo ikaitwa Lee-Enfield. Kwa hiyo risasi kuingia chumbani si dalili kwamba inafaa.

Katika Afrika ya Mashariki, biashara ya silaha zilizochoka za Ulaya ilianza kabla ya hapo. Kila mara Ufaransa, Ujerumani au Uingereza ilipowapa askari wake bunduki mpya, zile za zamani zilipakiwa merikebuni. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko Unguja, Euan-Smith, aliiandikia serikali yake kwamba silaha za moto kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia bara kila mwaka kutoka pwani hii. Mataifa yakakutana Brussels, na mwaka 1890 yakatia sahihi mkataba wa kuzuia biashara hiyo. Mimi naona hawakuzuia kwa kutuhurumia sana. Walikuwa wanakuja kututawala, wala hawakutaka kutukuta na bunduki.

Wenyewe walikuja nazo. Mwindaji mmoja aliyesifika sana, W. D. M. Bell, aliyewinda ndovu Karamoja mwanzoni mwa karne ya ishirini, alianza na bunduki nyepesi ya .303 akitumia risasi za kijeshi, zile ndefu zenye ncha butu na uzito wa karibu gramu 14. Wenzake walibeba bunduki kubwa zilizowapiga mabegani kama mateke ya punda. Yeye alisema risasi ya jeshi ni imara, haipasuki mwilini mwa mnyama, hupenya moja kwa moja. Alisema kweli kwa kuwa alijua maungo ya ndovu na alijua bunduki yake. Lakini mwaka 1910 jeshi likaibadilisha tena risasi. Ikawa nyepesi, gramu 11 na kitu, yenye ncha kali na mwendo wa kasi zaidi. Bunduki za jeshi zilirekebishwa shabaha zake ili zilingane nayo. Bunduki za wawindaji nani angezirekebisha? Mtu aliyenunua risasi hiyo mpya na kuitia katika bunduki ya zamani alilenga hapa, risasi ikaenda pale. Na nyati aliyejeruhiwa haulizi ni nani aliyebadilisha uzito wa risasi.

Sasa nataka tukae kidogo na habari za vita vya 1914 hadi 1918, maana hapo pana funzo ambalo sijaliona pengine. Wajerumani wa Tanganyika walianza vita wakiwa na upungufu mkubwa. Askari wao wengi Waafrika walikuwa na bunduki za mwaka 1871, zenye baruti nyeusi, ambazo kila zikilia zilitoa wingu la moshi na kumwonyesha adui mahali alipo mpigaji. Mwezi wa Aprili 1915 meli iitwayo Rubens, iliyopambwa kwa bendera ya uongo ya Denmark, ilifika pwani ya kaskazini ya Tanga ikiwa na shehena ya silaha. Manowari ya Kiingereza, Hyacinth, iliifukuza hadi ghuba ya Manza na kuipiga mizinga. Meli ikazama katika maji yasiyo na kina, Waingereza wakaondoka wakidhani kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Watu wa Jenerali von Lettow-Vorbeck walizamia wakaitoa shehena, nazo risasi zikatoka baharini kwa mamilioni zikiwa zimelowa maji ya chumvi. Je, wangezigawa hivyo hivyo? Walifanya kazi ya miezi mingi. Risasi zilifunguliwa, baruti ikaanikwa na kusafishwa, fataki zilizoharibika zikabadilishwa. Kisha zilijaribiwa kwa kupigwa, ili ijulikane katika kila fungu ni ngapi zinakataa kulia, na zilizokuwa mbovu zaidi zikawekwa kwa mazoezi, si kwa vita.

Usidhani ilikuwa tabia ya Wajerumani ya kupenda utaratibu. Risasi iliyolowa ina madhara matatu. La kwanza ni kukataa kulia kabisa, na hilo ni dogo. La pili ni kuchelewa: mtu anavuta, anasikia mgongo mkavu wa komeo, anadhani imekufa, anafungua, nayo inalipuka usoni pake. Ndiyo sababu askari wa kila jeshi hufundishwa kungoja nusu dakika nzima, mdomo wa bunduki ukielekea mahali salama, kabla hajagusa komeo. La tatu ndilo baya kupita yote. Baruti dhaifu husukuma chuma nusu ya njia tu, kikabaki kimekwama ndani ya kasiba. Mpigaji asipoangalia akapiga ya pili, kasiba hupasuka mkononi mwake.

Wajerumani walikuwa na taabu nyingine pia. Risasi yao ya milimita 7.9 ilikuwa na ndugu wawili wanaofanana mno. Ile ya mwaka 1888 ilikuwa nyembamba kidogo, na ile iliyofuata mwaka 1905 ilikuwa nene zaidi kwa sehemu ndogo ya milimita. Maganda yao yalikuwa karibu sawa. Lakini ya pili ikipigwa katika kasiba ya kwanza ambayo haikupanuliwa, hulazimika kujipenyeza, na nguvu huzidi kiasi. Bunduki nyingi za uwindaji zilizoachwa Afrika ya Mashariki na walowezi wa Kijerumani zilikuwa za kipimo cha kwanza, na masanduku ya risasi za jeshi yalikuwa ya kipimo cha pili.

Na tazama jinsi von Lettow alivyofanya baadaye. Novemba 1917 aliuvuka mto Ruvuma, akawashinda Wareno huko Ngomano na kuziteka risasi zao. Hakujaribu kuzilazimisha katika bunduki zake. Alichukua bunduki za Wareno pamoja na risasi zake, akaziacha zile kuukuu. Aliposalimu amri huko Abercorn, tarehe 25 Novemba 1918, bunduki walizoweka chini askari wake zilikuwa za Kiingereza na za Kireno.

Turudi Nakuru. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni iliwagawia mashamba katika Kenya askari wa Kiingereza waliotoka vitani, na wengi wao walikuja na bunduki au walizinunua za jeshi zilizogeuzwa kuwa za kuwindia. Uingereza ilikuwa na sheria nzuri juu ya jambo hilo, lazima niisifu. Bunduki haikuruhusiwa kuuzwa kwa raia mpaka ijaribiwe katika nyumba maalumu, moja London, na nyingine Birmingham iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1813. Huko ilipigwa kwa risasi yenye nguvu kuliko kawaida. Ikistahimili, iligongwa muhuri. Silaha ya serikali ilikuwa na alama ya mshale, na ilipouzwa kihalali iligongwa mshale wa pili uelekeao wa kwanza, ncha kwa ncha. Aliyejua kusoma alama hizo alijua bunduki yake imetoka wapi na imejaribiwa kwa risasi gani.

Alama za risasi ziko kwenye kitako cha ganda: kiwanda, mwaka, na namba ya aina yake. Kwa risasi za zamani mwaka huo una maana kubwa, maana fataki zake zilikuwa na kemikali iliyoacha chumvi ndani ya kasiba. Chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewa, na katika majira ya mvua kasiba hushika kutu kwa usiku mmoja. Mafuta hayaiondoi, kwa kuwa chumvi haiyeyuki katika mafuta. Askari walifundishwa kumimina maji yachemkayo ndani ya kasiba kwanza, kisha kuikausha, kisha kuipaka mafuta. Mwenye shamba aliyenunua risasi za jeshi kwa bei nafuu pasipo kununua mazoea ya jeshi, aliiharibu bunduki yake akadhani kiwanda kimemlaghai.

Tarehe 20 Oktoba 1952 ikatangazwa hali ya hatari, na risasi ikapata thamani ambayo haijapata kuwa nayo katika nchi yetu. Wapiganaji wa Mau Mau waliokuwa katika misitu ya Nyandarua na Kirinyaga walikuwa na ujasiri mwingi na silaha chache. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 waliivamia stesheni ya polisi ya Naivasha, humu humu katika Bonde la Ufa, wakawafungua mahabusu na kuchukua bunduki 47 pamoja na risasi maelfu kadhaa. Lakini ushindi kama huo haukupatikana mara nyingi. Risasi nyingine zilipatikana moja moja: kununuliwa kwa siri kwa askari, kuibwa nyumbani kwa mlowezi, kufichwa katika kikapu cha mwanamke chini ya mboga.

Risasi zilipatikana hivyo, na bunduki je? Mafundi wakazitengeneza. Kasiba ilikuwa kipande cha bomba la maji, komeo lilikuwa komeo la mlango, na mahali pa springi palitiwa mpira wa gurudumu. Bunduki hiyo ilipiga risasi moja kwa wakati. Sasa zikumbuke zile hesabu. Bomba la maji limetengenezwa ili listahimili kilo chache kwa sentimita ya mraba, nalo likatiwa risasi ya jeshi yenye kilo 2,900. Baadhi zililia, nyingine zilipasuka zikamjeruhi au kumwua yule aliyezishika. Mpiganaji alijua hayo. Alipoinua bunduki ile alikuwa na maadui wawili, mmoja mbele yake na mwingine shavuni pake. Sijapata kusoma habari za ushujaa zinazonigusa kuliko hiyo, wala sijui habari inayoonyesha wazi zaidi kwamba risasi njema katika bunduki isiyofaa si silaha ya mtu mmoja tu.

Serikali ya kikoloni nayo iliipa risasi uzito wa kutisha. Kwa kanuni za hali ya hatari, kuwa na silaha au risasi pasipo ruhusa kulitosha kumnyongesha mtu, hata kama hakumdhuru yeyote. Dedan Kimathi mwenyewe, aliyenyongwa tarehe 18 Februari 1957, hakuhukumiwa kwa mauaji. Alihukumiwa kwa kuwa na bastola na risasi sita. Waafrika walionyongwa kwa makosa ya vita hivyo walikuwa 1,090, na wengi wao hawakuwa wameshtakiwa kwa kuua.

Uhuru ulikuja tarehe 12 Desemba 1963, na haikupita miezi miwili Lanet ikatajwa duniani. Januari 1964 ulikuwa mwezi wa misukosuko: mapinduzi ya Unguja tarehe 12, maasi ya askari wa Tanganyika tarehe 20, ya Uganda tarehe 23. Jioni ya tarehe 24 askari wa kikosi cha 11 cha Kenya Rifles waliokaa Lanet, wakilalamikia mishahara na kuamriwa na maofisa wa Kiingereza, walilivunja ghala la silaha. Angalia walikokimbilia kwanza: si ofisini wala njia kuu, bali ghalani. Askari asiye na risasi ni mtu wa kawaida mwenye sare, na waliokuwa pale walilijua hilo. Serikali ya Mzee Kenyatta iliwatumia askari wa Kiingereza waliokuwa karibu kuyazima maasi. Askari mmoja alikufa, na kikosi kile kikavunjwa. Tangu hapo ulinzi wa maghala umekuwa jambo zito katika nchi yetu, na kwa haki.

Bunduki ya .303 ikawaachia nafasi bunduki za milimita 7.62. Polisi wa akiba katika wilaya za wafugaji, ambao ni raia waliopewa silaha ili walinde mifugo na majirani zao, walipewa kwanza zile za .303 zilizostaafu, kisha G3. Hapa pana mtego mwingine. G3 ni ya milimita 7.62, na bunduki ya Kirusi iliyotapakaa mipakani kutoka Sudan, Somalia na Uganda ni ya milimita 7.62 pia. Lakini ganda la kwanza lina urefu wa milimita 51, na la pili 39. Namba ni moja, risasi ni mbili, wala moja haishiki nafasi ya nyingine. Hata risasi ya uwindaji iitwayo .308, ambayo kwa macho haitofautiani na ile ya G3, ina vipimo na nguvu vinavyotofautiana nayo kidogo, na mwenye bunduki ya kuwindia hana budi kumwonyesha fundi mwenye leseni kabla hajaitia risasi ya jeshi. Tena sheria yetu ya silaha, Sura ya 114, haimwachii mtu kuchagua apendavyo: hati yake hutaja bunduki yake na risasi anazoruhusiwa kuwa nazo.

Wewe, msomaji, huna bunduki wala huna hati. Lakini mabaki ya majeshi hayako mbali nawe. Mwaka 2002 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilikubali kuwalipa Wamaasai na Wasamburu zaidi ya 200 pauni milioni 4.5, kwa sababu ya watu walioumia au kufa kwa mabaki ya silaha katika viwanja vya mazoezi vya Archers Post na Dol Dol. Wengi walikuwa wachungaji, na miongoni mwao watoto waliookota kitu king'aacho wakakichezea. Risasi iliyolala mchangani miaka 50 haijawa jiwe. Ukiitia motoni ganda hupasuka na vipande huruka. Ukiigonga kitako huenda ikalia, na kwa kuwa haimo katika kasiba hakuna ajuaye itaelekea wapi. Ukiikuta machungani au katika shimo la mchanga, usiiguse, usiipeleke nyumbani wala shuleni kumwonyesha mwalimu. Weka alama ya mawe au matawi hatua kadhaa kutoka hapo, wazuie wadogo zako na mifugo, kisha mwite chifu au polisi na uwaonyeshe mahali ilipo ukisimama mbali.